Kuunda Vitenzi vya Wakati Uliopo na Uliopita katika Kiingereza

Kiswahili huweka alama ya wakati ndani ya kitenzi, kabla ya mzizi, kama -na- na -li-, ilhali Kiingereza kwa kawaida huiweka mwishoni. Katika wakati uliopo wa mazoea, kitenzi hubaki kilivyo, isipokuwa kiima kikiwa nafsi ya tatu umoja, ambapo huongezwa s: "I cook", lakini "she cooks". Kwa wakati uliopita ongeza ed, nayo "cooked" hutumika kwa nafsi zote. Mwishoni mwa "cooked" hutamkwa t tu, jambo ambalo wengi wetu hulikosea. Vitenzi kama "go", ambacho hugeuka "went", havina budi kukaririwa. Katika kukanusha, "did" ndiyo hubeba wakati, kwa hiyo andika "she did not cook", wala si "did not cooked".