Namna ya kubishana kuhusu wapiga besi wakali wa rock na jazz bila kudanganywa na spika

Ubishi mwingi wa wapiga besi hapa Arusha huamuliwa na spika kabla mtu hajafungua mdomo. Mtu anatoa simu, anacheza wimbo, watu sita wanainama kusikiliza, halafu mshindi anakuwa yule aliyepiga kwa mlio mkali wa juu. Waya mnene wa gitaa la besi, ule wa E, ukipigwa wazi hutoa mtetemo wa hetzi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Unaofuata, A, ni 55, D ni 73 na G ni 98. Spika ya simu haifiki huko chini. Inachotoa ni vivuli vya juu vya noti, na ubongo unajaziliza pengo. Kwa hiyo wapiga besi wa rock kama John Entwistle wa The Who au Chris Squire wa Yes, waliopenda mlio unaokwaruza, watasikika hata kwenye kitochi. Paul Chambers wa jazz na besi yake kubwa ya mbao, ile ya kusimama, atageuka mvumo tu, na mtu atasema "huyu mbona wa kawaida?"

Anza na vifaa, basi. Sabufa ya kawaida ya sebuleni inatosha, ila ina ugonjwa wake: boksi la bei nafuu hupenda noti moja na kuikuza kuliko nyingine, kila kitu kinakuwa bum-bum-bum. Itoe kwenye kona, maana kona huongeza mvumo, uisogeze kama mita moja kutoka ukutani. Kitufe cha besi kiweke katikati, usikijaze. Kwenye simu zima kila kitu kinachoitwa bass boost, na tumia waya wa AUX badala ya bluetooth, simu ikae hali ya ndege ili shangazi asipige katikati ya solo. Nyimbo zipakueni mapema. Bando likiisha au mtandao ukisuasua, ubishi unarudi kwenye majina matupu.

Chumba nacho kina kauli yake. Julai huku tunafunga madirisha kwa baridi, na sebule ya matofali yenye marumaru bila mapazia hurudisha sauti nzito kama tangi tupu. Makochi, mapazia, hata mashuka ya Kimasai yaliyotundikwa ukutani hupunguza mwangwi wa juu. Mvumo wa chini hautaondoka kwa kitambaa. Dawa yake ni kuhamisha sabufa au kuhama kiti. Kaa pale ambapo kila noti inasikika kivyake. Kipimo chepesi ni Sina Makosa ya Les Wanyika, ambayo kila mtu anaijua kichwani. Fuata besi ya Tom Malanga peke yake mpaka mwisho. Ukiweza kuiimba kwa mdomo, kupanda na kushuka kwake, mitambo iko sawa. Ukisikia mdundo tu, punguza besi tena.

Wimbo huo unafanya kazi ya pili: unazoesha masikio. Wengi wetu tumelelewa kusikiliza gitaa la solo na mwimbaji. Dakika tano za kumfuata mpiga besi mmoja kabla ya mjadala zinaokoa saa nzima ya kelele.

Halafu mkubaliane maneno. Neno "jazz" kwetu lina mtego. Ndugu wa Kinyonga walipotoka Tanga na kuunda Arusha Jazz mwaka 1970, kabla ya kuvuka kwenda Kenya na kuwa Simba Wanyika, walikuwa wanapiga muziki wa dansi, kama ilivyokuwa Western Jazz na Morogoro Jazz. Asipolisema mtu hili mwanzoni, nusu ya meza itamtetea Charles Mingus, mpiga besi wa jazz ya Marekani, na nusu itauliza mbona hakuna rumba. Amueni pia kuhusu James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown. Si rock, si jazz, ingawa alianzia kwenye besi ya kusimama katika klabu za jazz za Detroit. Ushauri wangu: mruhusuni, kwa sababu wapiga besi wa rock wa miaka ya 1960 walimsikiliza sana, Paul McCartney wa Beatles akiwa mmojawapo.

Watu sita wanatosha. Kila mmoja alete nyimbo mbili: moja ambayo besi imebeba wenzake, nyingine ambayo besi inaongea yenyewe. Kila wimbo upewe dakika nne za kusikiliza, mbili za mleta hoja, tatu za wapinzani. Hizo ni dakika tisa mara kumi na mbili, yaani 108. Mkianza saa kumi jioni mnamaliza kabla ya saa moja hata mkisimama kwa chai, na jirani hana la kusema. Sauti nzito hupita ukutani kuliko mnavyodhani.

Sheria moja tu ndiyo msiilegeze: taja dakika ya wimbo inayobeba hoja yako.

"Chalii, Jaco ni Jaco. Hakuna mjadala."
"Sawa kaka. Dakika gani?"
"Birdland yote."
"Birdland wapi?"
"Pale mwanzo, ile besi nzito."

Hapo ameshaanguka. Ile sauti nzito inayofungua Birdland ya Weather Report, kwenye albamu ya Heavy Weather ya 1977, ni sinthesaiza (kinanda cha umeme) ya Joe Zawinul. Jaco Pastorius, mpiga besi wao, anaingia baadaye na melodi nyembamba ya juu ambayo wengi hudhani ni gitaa. Anakandamiza waya kwa mkono mmoja, anaugusa kidogo tu kwa mkono wa pili anapoupiga, na noti inatoka kama filimbi. Hoja ya Jaco ina nguvu, ila mtetezi wake alikuwa anamsifu mpiga kinanda.

Kuna makosa mengine yanayorudi kila mara. Jaco hakuvumbua besi ya umeme isiyo na freti, vile vyuma vya shingoni. Kampuni ya Ampeg ilikuwa ikiiuza tangu 1966. Albamu ya Metallica ya 1988 ambayo besi haisikiki, aliyezimwa ni Jason Newsted. Cliff Burton, mpiga besi aliyemtangulia, alifariki Septemba 1986, kwa hiyo msimlaumu wala kumsifu kwa hiyo. Na rekodi nyingi za stereo za miaka ya 1960 ziliweka ala upande mmoja na waimbaji upande wa pili. Mkigawana earphone sikio moja moja, mmoja wenu hatasikia besi kabisa na atabisha kwa dhati.

Kugumu ni kulinganisha jazz na rock, maana kazi si ile ile. Mpiga besi wa jazz anayetembea hupiga noti nne kila kipimo (kipande kifupi cha mapigo manne), na kila noti ni uamuzi: wapi pa kukanyaga ili kodi (chord, noti zinazolia pamoja) inayofuata ifike bila kushtua. Msikilizeni Chambers kwenye So What ya Miles Davis, 1959. Baada ya utangulizi wa kama nusu dakika, besi ndiyo inayouliza, kinanda na kisha wapulizaji wanajibu. Rock hupima zaidi mahali noti inapoangukia ukilinganisha na kiki ya drams, ile ngoma ya mguu (si kiki za mastaa). Muulize mtetezi wa John Paul Jones wa Led Zeppelin: noti inaangukia na ngoma ya mguu, mbele yake, au nyuma kidogo? Asipoweza kujibu, chezeni tena sekunde ishirini.

Jaribio la kuzima sabufa ghafla katikati ya wimbo ni tamu. Wimbo wa Jamerson unabaki bila sakafu. My Generation ya The Who, 1965, inapoteza kidogo tu, kwa sababu Entwistle anaishi juu zaidi. Msiitumie kutoa alama, maana inapima mlio, haimpimi mpigaji. Na Jimmy Blanton, aliyerekodi na Duke Ellington kati ya 1939 na 1941 na kufariki akiwa na miaka 23, asilinganishwe kwa ukubwa wa sauti na yeyote. Besi yake haikuwa na amplifaya.

Kura iwe ya karatasi. Mikono ikinyooshwa, mwenye sauti kubwa hushinda. Kila mtu aandike majina matatu, apewe wa kwanza alama tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, na asimpe tatu yule aliyemleta mwenyewe. Wakilingana wawili, chezeni nyimbo zao mbili za kubeba, si zile za solo, taa zikiwa zimezimwa na bila mtu kuongea, kisha mpige kura tena.