Jinsi ya kuomba PhD ya afya ya jamii ukiwa Mtwara au Lindi

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya wauguzi, madaktari, wafamasia, maofisa afya na maofisa ustawi wa jamii wenye shahada ya uzamili wanaofanya kazi kusini, kuanzia Kilwa hadi Nanyumbu, na ambao moyoni wanataka kuendelea hadi shahada ya uzamivu, yaani PhD. Wapo wengi kuliko watu wanavyodhani. Kinachowakwamisha mara nyingi ni mpangilio. Mtu anaanza kwa kufungua akaunti kwenye mfumo wa chuo, anakutana na kisanduku cha "jina la msimamizi" na kingine cha "pendekezo la utafiti", anafunga kompyuta, na mwaka unapita.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu: swali la utafiti, kisha msimamizi, kisha mwajiri na fedha, kisha nyaraka. Fomu yenyewe huja mwisho, na ikifika zamu yake ni kazi ya jioni mbili tatu tu.

Sifa, kwa ufupi

PhD ni ngazi ya 10 katika mfumo wa tuzo za vyuo vikuu vyetu, na uzamili ni ngazi ya 9. Utahitaji uzamili wa afya ya jamii, epidemiolojia, uuguzi, tiba au fani inayokaribiana. Kiwango cha ufaulu kinatofautiana chuo hadi chuo, kwa hiyo soma prospektasi (kitabu cha mwongozo wa chuo) ya mwaka huu, usitegemee ya rafiki yako aliyeomba zamani. Kama uzamili wako ni wa nje ya nchi, uombee utambuzi Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) mapema. Kama sekondari ulisoma nje, ulinganifu wa cheti hufanywa na Baraza la Mitihani (NECTA).

Hapa nchini wengi huanzia MUHAS, yaani Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, pale Upanga, Dar es Salaam. Vipo pia CUHAS Bugando Mwanza, KCMC Moshi na Taasisi ya Nelson Mandela Arusha. Chunguza kama programu unayoitaka ni ya utafiti mtupu au ina masomo ya darasani kwanza. Kwa mtu mwenye familia Masasi na kazi Masasi tofauti hiyo ni kubwa, maana programu ya utafiti mtupu inaweza kukuruhusu kukaa muda mrefu huku huku unakokusanya takwimu.

Swali: hapa ndipo pa kutumia nguvu zako nyingi

Watu wa kusini tuna tabia ya kudhani kwamba maswali makubwa ya afya yako kwingine. Historia haisemi hivyo. Chikungunya, ugonjwa ambao leo umefika Asia na Amerika, ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye Uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Julai 2022 ugonjwa usiojulikana uliibuka Ruangwa, watu wakitokwa damu puani na kuishiwa nguvu. Wagonjwa 20 waliripotiwa, watatu wakafariki, na vipimo vikaonyesha ni homa ya mgunda (leptospirosis). Taasisi ya Afya Ifakara ilifanya Lindi na Mtwara tafiti kubwa kuhusu kinga ya malaria kwa watoto wachanga na kuhusu uhai wa watoto wanaozaliwa. Matende na mabusha yapo pwani yetu kwa vizazi. Mtu anayehudumu zahanati ya huku anaishi katikati ya maswali.

Tatizo ni kwamba waombaji huandika mada badala ya swali. "Changamoto za afya ya mama na mtoto mkoani Lindi" ni mada. Profesa akiisoma hajui utapima nini, kwa nani, wala kwa nini iwe Lindi.

Chukua mfano huu. Kuanzia katikati ya mwaka, wilaya za Tandahimba na Newala hupulizia unga wa salfa kwenye mikorosho ili kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho. Mashine inabebwa mgongoni, vumbi la njano linatanda, na aliyeshika bomba mara nyingi amejifunga kitambaa tu usoni. Vumbi hilo huwasha macho na njia ya hewa. Sasa fungua kitabu namba 5 cha MTUHA (mfumo wa kumbukumbu za huduma za afya vituoni), cha wagonjwa wa nje, uhesabu waliokuja na kikohozi, pumu na macho mekundu mwezi hadi mwezi kwa miaka mitatu. Je, namba hupanda katika miezi ya salfa? Hupanda kwa wapuliziaji tu, au na kwa watoto wanaoishi kando ya mashamba? Barakoa sahihi na mafunzo ya chama cha msingi cha ushirika vingepunguza kiasi gani? Hapo tayari una sura tatu za tasnifu: ya kwanza ni takwimu zilizopo, ya pili ni kuwafuatilia watu, ya tatu ni jaribio dogo la suluhisho. Angalizo tu: takwimu za kituo ni za wagonjwa. Kuzitumia kwa utafiti kunahitaji kibali, hata kama wewe ndiye unayejaza kitabu kila siku. Kwa hatua ya maombi, taarifa za jumla zisizo na jina la mtu, zilizotolewa kwa idhini ya Mganga Mkuu wa Wilaya, zinatosha.

Kabla ya kuliamini swali lako, lipekue PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za afya ambako kutafuta ni bure, ukiandika jina la ugonjwa pamoja na Tanzania, kisha Mtwara, kisha Lindi. Makala zilizofungwa kwa malipo unaweza kuzipata kupitia Research4Life, ambayo taasisi za nchi kama yetu hufunguliwa. Muulize mkutubi wa chuo ulichosoma.

Msimamizi

Majina ya wasimamizi utayakuta kwenye makala ulizosoma. Chagua mtu mmoja katika idara moja. Ukituma barua ileile kwa watu watano wa idara hiyo hiyo, wanakaa ofisi jirani, wataonyeshana.

Barua iwe fupi. Kwa chuo cha nje, na mara nyingi hata cha ndani, itaandikwa kwa Kiingereza, lakini mwendo wake uwe kama huu:

"Profesa, shikamoo. Mimi ni ofisa muuguzi katika kituo cha afya wilayani Tandahimba, nina uzamili wa afya ya jamii. Nimesoma makala yako kuhusu viuatilifu na afya ya wakulima, na nimeona kwamba salfa haikuguswa. Kituoni kwetu wagonjwa wa kifua huongezeka katika miezi ya kupulizia mikorosho, na ningependa kujua kama salfa ndiyo chanzo na nini kifanyike. Nimeambatisha ukurasa mmoja wa wazo langu pamoja na wasifu. Je, unapokea wanafunzi wa PhD mwaka ujao, na wazo hili liko ndani ya eneo lako?"

Yatosha. Usieleze maisha yako yote, na usianze kwa kuomba ufadhili. Tumia barua pepe yako binafsi, kwa sababu ya ofisi inaweza kufungwa ukihamishwa kituo. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki mbili, kisha nenda kwa mwingine. Akijibu "hapana, ila jaribu kwa fulani", hiyo ni zawadi: mwandikie huyo fulani siku hiyo hiyo, ukimtaja aliyekuelekeza.

Mwajiri

Hatua hii wengi huiacha hadi wapate barua ya udahili, na hapo ndipo udahili mwingi hupotelea. Mtumishi wa umma huenda masomoni kwa kuwa kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri wake, na mwaka wa fedha huanza Julai 1, huku maandalizi ya bajeti yakianza miezi mingi kabla. Kwa hiyo jina lako liingie kwenye mpango hata kabla hujaomba chuo.

Barua hufuata ngazi. Aliyeko zahanati au kituo cha afya huandika kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, kupitia kwa Mganga Mfawidhi na Mganga Mkuu wa Wilaya. Aliyeko hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Ligula au Sokoine, huandika kwa Katibu Mkuu Wizara ya Afya kupitia kwa Mganga Mfawidhi. Hospitali za misheni kama Ndanda na Nyangao zina uongozi wake, na kama wewe ni mtumishi wa serikali uliyepelekwa huko, tarajia kupita pande zote mbili. Kila ngazi omba ugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Barua ikipotea, nakala hiyo ndiyo itakayokurudisha kwenye foleni bila kuanza upya.

Nenda ukamwone bosi wako uso kwa uso pia. Mweleze utafiti utaifaidi vipi wilaya. Mganga Mkuu anayeelewa kwamba utamletea majibu kuhusu wagonjwa wake atakusainia kwa moyo, na baadaye atakufungulia milango ya vituo.

Fedha

Kama huajiriwi na chuo kikuu, ufadhili ni mgumu zaidi, lakini upo. Kwa Uingereza kuna ufadhili wa Jumuiya ya Madola. Ujerumani kuna DAAD, shirika la ufadhili wa masomo la nchi hiyo, ambalo hulipia pia masomo ndani ya Afrika. Uswisi kuna ufadhili wa serikali yake, na taasisi ya afya ya mji wa Basel ina uhusiano wa miaka mingi na ile ya Ifakara. CARTA, muungano wa vyuo na taasisi za utafiti za Afrika ulioanzishwa 2008 na unaoongozwa na kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini, umekuwa ukisomesha PhD za afya ya jamii, ila kwa waajiriwa wa taasisi wanachama, ikiwemo Taasisi ya Afya Ifakara. Njia ambayo watu husahau ni miradi: profesa mwenye mradi wa utafiti mara nyingi ana nafasi ya mwanafunzi ndani yake. Ndiyo maana msimamizi hutangulia.

Dirisha la ufadhili wa Ulaya kwa kawaida hufunguka miezi ya mwisho ya mwaka kwa masomo ya mwaka unaofuata. Na tafadhali, wakala anayekuomba pesa ili "akupatie skolashipu" ni tapeli. Ada halali ya maombi hulipwa kwa chuo chenyewe, na kwa vyuo vya serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotoka kwenye mfumo.

Pendekezo la utafiti

Kurasa chache zenye tatizo, yaliyokwisha kujulikana, swali, mbinu, maadili, ratiba na bajeti. Nitasema moja tu juu ya ratiba, kwa sababu hapa mtu wa kusini ana faida. Mvua zetu ni za msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili, na barabara za vijijini Liwale au Nanyumbu hukatika. Oktoba hadi Desemba wakulima wako kwenye korosho na minada. Ratiba inayosema "mahojiano ya kaya, Februari" inaonyesha kwamba mwandishi hajui anakokwenda. Weka mahojiano Juni hadi Septemba, isipokuwa kama unachopima chenyewe ni cha wakati wa mvua. Taja pia kwamba fomu ya ridhaa itakuwa ya Kiswahili, na kwamba kwa wazee utakuwa na msaidizi anayejua Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua, kulingana na eneo.

Kibali cha maadili, cha chuo na cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), huombwa baada ya kudahiliwa. Katika pendekezo onyesha tu kwamba unajua njia yake, pamoja na barua za TAMISEMI, mkoa na halmashauri.

Nyaraka na fomu

Shida namba moja ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Hamisi, cha kidato cha nne Khamis, cha uzamili kimeongeza jina la babu. Linganisha vyeti vyote leo. Tofauti ndogo huelezwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu. Kubadilisha jina kabisa kunahitaji hati inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati, nayo huchukua muda. Kama ulipanda kupitia stashahada ya utabibu au uuguzi, skani na vyeti hivyo, pamoja na transkripti zote, si vyeti peke yake.

Wadhamini, yaani watakaokuandikia barua za mapendekezo, wawe watu waliosoma kazi zako, mmojawapo msimamizi wako wa uzamili. Mfumo huwatumia kiungo kwa barua pepe, na mara nyingi kiungo hicho huangukia kwenye barua taka. Wapigie simu. Kwa vyuo vya nje, uliza kama barua kwamba ulisoma kwa Kiingereza inatosha. Isipotosha, matokeo ya mitihani ya Kiingereza ya IELTS au TOEFL hudumu miaka miwili, kwa hiyo usifanye mtihani mapema mno. Kwa Marekani, vyuo vingi vya afya ya jamii hupokea maombi kupitia mfumo mmoja uitwao SOPHAS.

Kama lipo jambo linalokulazimu kufika Dar mwenyewe, usiliweke wiki ya mwisho. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika na mabasi yakakwama. Tuma fomu siku kadhaa kabla ya mwisho, hifadhi picha ya uthibitisho, na ujiandae kwa usaili wa mtandaoni mahali penye intaneti ya uhakika.

Ukipata barua ya udahili, ipeleke kwa mwajiri kwa njia ileile, kupitia ngazi zilezile, uombe ruhusa rasmi ya masomo. Kama majibu yatachelewa kupita tarehe ya kuripoti, kiandikie chuo mapema kuomba kuahirisha. Usiondoke kituoni kabla ya kushika barua ya ruhusa yenye saini, kwa sababu kukosekana kazini bila hiyo ni utoro, na adhabu yake inaweza kuwa kufukuzwa kazi.