Kubadilisha jeti za kabureta ya pikipiki baada ya kubadilisha bomba la moshi na chujio la hewa

Toa bomba la moshi la kiwandani uweke lililo wazi zaidi, ng'oa boksi la chujio ufunge chujio la koni, na pikipiki itanguruma vizuri huku nguvu zikiwa pungufu kuliko zamani. Kabureta haipimi hewa inayopita. Inategemea mvuto unaotokea kwenye koo lake ndio unyonye petroli kupitia vitundu vya shaba, yaani jeti. Boksi la zamani lilibana hewa, na kule kubana ndiko kulikozidisha mvuto. Kizuizi kikiondoka hewa huingia kirahisi, lakini petroli haiongezeki kwa kiasi kinacholingana nayo, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mwepesi, au mkavu kama wasemavyo mafundi.

Petroli huungua ikaisha kwa takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya mafuta. Nguvu nyingi hupatikana kwenye mchanganyiko mzito kidogo, kati ya 12.5 na 13. Hewa ikizidi sana, injini inasita, inapata joto kupita kiasi, na ikiachwa hivyo inaunguza valvu za moshi. Ya mapigo mawili haina huruma hata kidogo: inatoboa pistoni.

Kabla ya kugusa jeti

Kazi nyingi za jeti huharibika kwa sababu tatizo halikuwa jeti. Pima tapeti (nafasi za valvu), angalia plagi, safisha kabureta. Washa injini, kisha puliza dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kuzunguka mpira unaounganisha kabureta na injini, mbali na bomba lililokwisha pata moto. Mngurumo ukibadilika, hewa inaingia kwa wizi hapo, na hakuna jeti itakayotibu mpira uliopasuka. Kagua pia gasketi ya bomba jipya kwenye kichwa cha injini. Gasketi inayovuja huleta milio ya risasi ukiachia mafuta, na watu huidhania kuwa dalili ya petroli haba. Pikipiki zenye mfumo wa kupuliza hewa safi kwenye mlango wa moshi hutoa milio hiyo hiyo hata jeti zikiwa sawa.

Pima kimo cha boya, lile linaloelea ndani ya kikombe cha petroli chini ya kabureta, kwa kipimo cha mtengenezaji. Boya likipangwa hivi kwamba petroli kwenye kikombe inakaa chini, petroli hupungua kwenye kila hatua ya mafuta, na utakuwa unanunua jeti kubwa kufidia kosa la boya.

Kuna jingine linalosahaulika, nalo ni la chujio la koni lenyewe. Tazama mdomo wa kabureta upande wa hewa: pembeni mwa koo utaona matundu mawili matatu madogo. Hayo ndiyo yanayolisha hewa mikondo ya ndani. Shingo ya mpira ya chujio ikiwa nene inayaziba, na pikipiki inakuwa na tabia za ajabu zisizotulia. Funga chujio, mulika tochi kwa ndani kama inawezekana, hakikisha matundu yako wazi.

Mkono wa mafuta ndio unaosema

Usiangalie injini inazunguka kasi gani. Angalia mkono wa mafuta umefunguliwa kiasi gani, kwa maana kila kiasi kina sehemu yake ya kabureta. Bandika utepe kwenye mkono na mwingine kwenye kibanio chake, uweke alama za kufunga, robo, nusu, robo tatu na wazi kabisa. Bila alama hizo unabahatisha.

Kuanzia sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kupewa mafuta, hadi karibu robo, inatawala jeti ya sailensa pamoja na skrubu ya mchanganyiko. Kuanzia robo hadi robo tatu ni sindano, ile inayopanda na kushuka ndani ya koo. Kuanzia robo tatu kwenda juu ni jeti kuu. Mipaka hiyo inaingiliana, kwa hiyo jeti kuu ikikosea sana utaisikia hata kwenye nusu.

Jeti gani, za namba ngapi

Namba za jeti kuu si lugha moja. Kwa Keihin, namba hufuata kipenyo cha tundu katika sehemu za mia za milimita: 100 ni kama milimita 1.00. Jeti kuu za Mikuni zenye kichwa cha pembe sita hupimwa kwa kiasi cha petroli kinachopita kwa dakika. Kwa hiyo 110 ya huku si 110 ya kule, hata zikiingia kwenye uzi mmoja. Jeti zisizo na alama ya mtengenezaji uziache. Mbili zenye namba ile ile zinaweza kutofautiana.

Ukiwa na Keihin, kumbuka kwamba petroli hufuata eneo la tundu. Kutoka 100 kwenda 105 macho yanaona asilimia 5, kumbe eneo limekua kwa asilimia 10. Kwenye jeti ya sailensa mambo ni makali zaidi: kutoka 38 kwenda 40 ni karibu asilimia 11 kwa hatua moja.

Kwa bomba peke yake, chujio la kiwandani likibaki, anza na jeti kuu kubwa kwa hatua moja au mbili. Bomba wazi pamoja na chujio la koni huhitaji hatua mbili hadi nne, pengine zaidi, na mara nyingi jeti ya sailensa hatua moja. Nunua seti ya jeti kuu nne au tano zinazofuatana. Wanaonunua moja "iliyopendekezwa" huishia kulazimisha pikipiki ifanane na jeti. Na usichimbe jeti kwa biti wala kuipekecha kwa waya: tundu likipoteza umbo lake, namba iliyoandikwa haina maana tena.

Kufungua

Injini iwe baridi, mahali pawe na hewa, pasiwe na moto wala sigara. Funga koki, mwaga petroli ya kikombe kwa skrubu ya chini. Skrubu za vikombe vya kabureta za Kijapani zinafanana na za msalaba wa kawaida lakini pembe zake ni tofauti. Bisibisi ya kawaida inapanda juu na kuzila. Tumia ya JIS (kipimo cha Kijapani), au ikikosekana, ile inayokaa imara bila kucheza, huku ukisukuma kwa nguvu kuliko unavyozungusha.

Kikombe kikitoka utaona jeti kuu katikati, mara nyingi kwenye nguzo ya shaba, na jeti ya sailensa ndani ya shimo jirani. Hii ya pili inahitaji bisibisi bapa nyembamba inayojaza ufa wote. Shaba ni laini. Ukikaza jeti mpya, ikishafika mwisho ongeza kidogo tu.

Skrubu ya mchanganyiko huenda imefichwa chini ya kifuniko kidogo cha chuma. Kitoboe kwa biti ya milimita 2 au 3, taratibu sana, kwa sababu skrubu yenyewe iko nyuma yake. Biti ikianza kuzama, acha. Zungusha skrubu ya kufungia mbao ndani ya tundu, ivute kwa koleo. Kabla ya kuitoa skrubu ya mchanganyiko, izungushe kuingia ndani huku ukihesabu mizunguko hadi iguse kwa wepesi, uandike namba. Ikitoka, lazima vitoke vinne: skrubu, springi, washa ndogo na oringi. Oringi hupenda kubaki imeng'ang'ania ndani ya shimo. Ing'oe kwa waya mwembamba uliokunjwa ncha. Ukirudisha skrubu juu ya oringi ya zamani iliyokauka, sailensa haitatulia, na utailaumu jeti bure.

Ujue pia skrubu yako ni ya aina gani. Ikiwa upande wa injini, ni ya petroli: kuifungua kunaongeza uzito. Ikiwa upande wa chujio, ni ya hewa: kuifungua kunapunguza uzito. Wengi wamefanya kazi nzima kinyumenyume kwa kutolijua hili.

Kupanga: jeti kuu kwanza

Weka skrubu ya petroli mizunguko 2 hadi 2.5 nje kutoka pale ilipogusa, ili pikipiki iwake na iendeshike. Kisha anza na jeti kuu, kwa sababu ukiibadilisha baadaye itavuruga ulichokwisha panga kwenye sindano.

Pasha injini dakika 10 kwa kuendesha, uende mahali salama pasipo na magari, ufungue mafuta yote kwenye gia ya tatu au ya nne. Ikivuta kwa ulaini lakini kama imechoka, rudisha mkono kidogo sana: ikichangamka ghafla, jeti ni ndogo. Ikiguguna na kukatakata mafuta yakiwa wazi kabisa, halafu ikasafika ukirudi robo tatu, jeti ni kubwa. Ukitaka hakika, inua choki kidogo tu ukiwa kwenye mwendo huo. Pikipiki ikipata nguvu, ilikuwa na njaa ya petroli. Ikizidi kulegea, petroli inatosha au imezidi.

Panda hatua moja moja hadi ianze kuguguna, kisha rudi hatua moja. Njia hii inakupa ukingo unaoujua, na ni salama kuliko kushuka kuelekea upande mkavu ukisubiri injini ilalamike.

Thibitisha kwa plagi mpya. Endesha mafuta yakiwa wazi kabisa, kisha kwa pamoja shika klachi, zima kwa swichi, usimame bila kuiacha injini izunguke. Fungua plagi ikiwa moto kwa glavu. Usihukumu kwa rangi ya ncha. Mulika ndani, kwenye mzizi wa kaure pale inapozama ndani ya chuma: pete nyembamba ya kahawia hafifu ni nzuri, weupe mtupu ni mkavu, masizi meusi hadi juu ni mzito. Petroli isiyo na risasi huchelewa kuacha rangi, kwa hiyo rudia mara kadhaa na plagi ile ile kabla ya kuamua.

Sindano

Sindano nyingi zina mikato mitano, inayohesabiwa kutoka juu, na klipu ndogo. Kushusha klipu mkato mmoja kunainua sindano, yaani petroli zaidi. Shikilia mkono kwenye nusu, kisha fungua haraka kutoka robo hadi robo tatu. Ikisita na kupiga chafya kwenye kabureta, inua sindano. Ikiwa nzito, inabubujika na moshi mweusi unaonekana, ishushe.

Sindano za kiwandani za kabureta za vakyumu, zile ambazo silaidi inayobeba sindano hupandishwa na mvuto, mara nyingi zina mkato mmoja tu. Hapo weka chini ya klipu washa ndogo ya M3, yenye unene wa milimita 0.5, moja kwanza, mbili ikilazimu. Wakati uko hapo, inua diaframu (utando wa mpira wa silaidi) kwenye mwanga na unyooshe mikunjo yake: tundu dogo kama la sindano linazuia silaidi kupanda, na pikipiki haitafika juu hata uweke jeti gani. Ukirudisha kifuniko, ukingo wa mpira ukae ndani ya mfereji wake pande zote.

Sailensa

Injini ikiwa moto, zungusha skrubu ya mchanganyiko robo mzunguko kwa robo mzunguko, ukisubiri sekunde kadhaa kila mara. Tafuta pale inapozunguka haraka na kwa utulivu, kisha rudisha kasi ya sailensa kwa skrubu yake. Kwa skrubu ya petroli, ukifika zaidi ya mizunguko 3 nje na bado inaimarika, weka jeti ya sailensa kubwa hatua moja. Ikitulia chini ya mzunguko 1, jeti ni kubwa mno. Kwa skrubu ya hewa, hesabu hiyo igeuze.

Dalili nyingine husikika baada ya kuachia mkono. Mngurumo ukichelewa kushuka, ni mkavu. Ukishuka chini ya kawaida kisha ukapanda, ni mzito. Pikipiki inayoenda vizuri ikiwa baridi na kuharibika ikipata moto ina petroli nyingi. Inayodai choki muda mrefu ina petroli haba.

Injini zenye kabureta mbili au zaidi zipatiwe jeti sawa, kisha zisawazishwe kwa geji za vakyumu mwishoni kabisa. Na pangia pikipiki pale inapotumika: hewa hupungua uzito kwa karibu asilimia 3 kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo iliyopangwa bondeni itakuwa nzito mlimani. Andika jeti kuu, jeti ya sailensa, mkato wa klipu na mizunguko ya skrubu kwenye kipande cha utepe, ukibandike chini ya kiti pamoja na kifuko cha jeti za zamani.