AC ya gari haileti baridi? Anzia hapa kabla ya kununua gesi

Oktoba ya Tabora haina huruma, na gari likianza kupuliza joto neno la kwanza utakaloambiwa ni "gesi imeisha". Ndugu zangu, gesi ya AC haichomwi kama petroli. Inazunguka humohumo ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikipungua, imevuja. Ukijaza bila kutafuta inapovujia, utarudi tena kujaza.

1. Chujio. Shusha lile boksi la dashibodi upande wa abiria. Kwa gari nyingi, nyuma yake ndipo lilipo chujio la hewa ya ndani. Sisi tunaoegesha chini ya miembe tunatoa humo majani, maua na vumbi la kutosha kupanda mchicha. Upepo ukiwa dhaifu hata feni ikiwa namba ya mwisho, mara nyingi shida ni hapa.

2. Kompresa, ile pampu inayosukuma gesi. Washa injini, fungua boneti, mtu abonyeze AC. Sikiliza "tak!". Puli huzungushwa na mkanda muda wote, ila sahani ya mbele yake huzunguka tu pale kluchi, sumaku inayoiunganisha na puli, ikishika (baadhi ya gari mpya hazina kluchi hiyo). Mikono na nguo viwe mbali na mkanda! Isiposhika, zima gari, angalia fyuzi, kisha rilei, ile swichi ndogo ya umeme ya kuchomeka. Ikifanana namba na ya honi, zibadilishane: honi ikinyamaza, mwizi umemkamata. Zikiwa nzima zote, huenda gesi kweli iko chini, maana swichi ya presha huizuia kompresa isifanye kazi.

3. Kondensa, ile mbele ya rejeta inayopooza gesi. Osha kwa maji ya bomba, taratibu. Mashine ya presha ya kuoshea magari hulaza vile vibati vyake, hewa ikakosa pa kupita.

4. Uvujaji. Pitisha macho kwenye maungio ya mabomba. Doa la mafuta lililoshika vumbi ndilo ushahidi.

Hapo weka spana chini. Usifungue bomba: R134a, gesi ya AC ya gari nyingi, huchemka kwenye nyuzi -26, ikirukia jicho ni balaa. Na anayetaka kukuwekea gesi ya kupikia, mkimbie.

MASWALI

– Mwalimu, nikiwa njiani kwenda Nzega baridi safi, nikisimama tu mjini joto. Gesi?
Mara nyingi hapana. Ukikimbia, upepo wa barabarani unapooza kondensa. Ukisimama ni kazi ya feni. Washa AC uone kama feni inazunguka. Angalia mota na rilei yake.

– Kaka, maji yanadondoka chini ya gari.
Ni unyevu wa hewa, kawaida kabisa. Yakilowesha kapeti la abiria, mpira wa kutolea maji umeziba, uzibue.

– Inanuka soksi!
Ukungu kwenye evapureta, kile kipozeo kilicho ndani ya dashibodi. Badilisha chujio, na dakika chache kabla ya kufika zima AC, acha feni ikaushe.

– Nikijaza gesi itadumu muda gani?
Mzee, tuambie kwanza ile ya mwanzo ilitokea wapi.