SOMO: Gesi ya dampo mpaka umeme (soma kabla ya kuniuliza bei ya jenereta)

Wakuu, swali ni lile lile: "Dampo letu linatoa gesi, ninunue jenereta ya ukubwa gani?" Jenereta inakuja mwisho. Naandika mara moja.

1. Weka mzani getini. Andika tani, kila gari.

2. Sakafu: udongo wa mfinyanzi au turubai zito la plastiki, na mabomba ya kukusanya maji yanayochuruzika.

3. Shindilia taka tabaka kwa tabaka, funika kila jioni kwa udongo, sentimita 15 hivi.

4. Chimba visima vya gesi: bomba la plastiki lenye matundu, kokoto pembeni, juu ziba kwa mfinyanzi.

5. Bloa ya kuvuta gesi. Hapa soma polepole, ndipo miradi inapofia. Mtu akipata tamaa anafungua koki zote. Ukivuta kuliko taka zinavyozalisha, hewa inaingia kwenye nyufa za udongo, na kiangazi cha Dodoma udongo unapasuka kweli kweli. Oksijeni inaua vijidudu vinavyotengeneza methani, ile gesi inayowaka. Baya zaidi, taka zinashika moto chini kwa chini, na moto huo unaweza kukaa miezi. Pima kila kisima peke yake: methani iwe karibu 50%. Oksijeni ikianza kupanda, bana koki ya kisima hicho, usiguse vingine. Joto likipita 55°C na bado linapanda, funga. NA: methani ikichanganyika na hewa kwa 5% mpaka 15% inalipuka. Sigara hapana, kuchomelea hapana, kuingia shimoni peke yako hapana.

6. Mwenge wa kuchomea gesi. Ni lazima hata ukiwa na jenereta, maana injini ikiwa matengenezo gesi haisubiri.

7. Ondoa maji na ile gesi ya harufu ya yai viza, inakula injini. Sasa ndiyo jenereta.

8. Vibali: NEMC (mazingira), EWURA (wadhibiti wa nishati), na mkataba wa TANESCO (shirika la umeme). Nimeviweka mwisho, wewe anza navyo.

MASWALI

Kijana wa Kizota: Mkuu, dampo la kwetu tutapata megawati ngapi?

Mleta somo: Tani ngapi?

Kijana wa Kizota: Sijajua, ila ni kubwa sana.

Mleta somo: Rudi hatua ya 1. Kwa makadirio ya Marekani, tani milioni moja zilizofukiwa ni kama megawati 0.8. Jipime hapo.

Mama Nkuhungu: Kaka, mvua yetu ni Desemba mpaka Aprili basi. Taka zikikauka, hao vijidudu si watalala?

Mleta somo: Watalala, dada. Umeuliza la maana. Taka zetu zina mabaki mengi ya chakula, kwa hiyo zinakuja na unyevu wake. Zinaoza haraka, gesi inawahi na inawahi kuisha. Usisubiri dampo lijae ndipo uchimbe visima. Kiangazi, yale maji ya hatua ya 2 yarudishe ndani ya taka kwa mabomba, kidogo kidogo. Ukizidisha, kisima kinajaa maji na gesi haipiti.

Mfugaji Veyula: Mimi nina ng'ombe sita tu, bloa nitaipata wapi?

Mleta somo: Mzee wangu, wewe huhitaji bloa. Jenga mtambo wa gesi ya samadi wa kufukia ardhini, CAMARTEC Arusha (kituo cha teknolojia za kilimo) wanaufahamu vizuri. Samadi na maji, ndoo kwa ndoo.

Mfugaji Veyula: Maji yenyewe tunanunua.

Mama Nkuhungu: Sakafu ya zizi ipe mteremko, baba, mkojo uingie wenyewe kwenye mtambo. Maji ya kununua yatapungua.