Ukitaka kazi za chuma cha umeme, anza na zinki

Vijana wanaokuja kuniuliza namna ya kupata kazi za chuma cha umeme, yaani vyuma vinavyofungwa kwenye nguzo na laini za umeme, huanza kwa kunionyesha picha za mageti. Mageti mazuri kweli, yana maua, yana mikuki, mengine yana hadi simba. Huwa nawaambia wayaweke pembeni kwanza. Kwenye kazi za nguzo na laini, kuchomelea ni sehemu ndogo sana. Mteja anataka tundu lililokaa mahali pake, koti la zinki la kutosha la kuzuia kutu, na karatasi inayoonyesha chuma kimetoka wapi. Kama una karakana ndogo kama yangu hapa Vingunguti, Dar es Salaam, vitu hivyo vitatu ndivyo vitakavyokupa kazi au kukunyima.

Kazi zipo. Vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimeshafikiwa, na sasa Wakala wa Nishati Vijijini, REA, wamehamia kwenye vitongoji, ambavyo ni zaidi ya 64,000. Kila kitongoji kinataka nguzo, na nguzo ya msongo wa kati (kilovolti 11 au 33), iwe ya mti kutoka Mafinga au ya zege, haibebi waya bila chuma: krosamu (chuma kinachokingama juu ya nguzo), bolti, stei za kuishikilia nguzo isilale, jukwaa la transfoma. Nje ya kwetu ni hivyo hivyo. Shirika la Kimataifa la Nishati lilipiga hesabu mwaka 2023 kwamba hadi 2040 dunia itahitaji kujenga au kukarabati kilomita milioni 80 za njia za umeme. Ndiyo maana bei ya engo, chuma chenye umbo la L, unayonunua kwenye maduka ya chuma ya mtaa wa Gerezani inaweza kupanda wakati hakuna anayejenga ghorofa mtaani kwako.

Usiparamie minara mikubwa

Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lina mashine 9 za megawati 235 kila moja, jumla 2,115, na umeme wake unasafirishwa kwa njia ya kilovolti 400 hadi kituo cha kupoza umeme Chalinze, takriban kilomita 160. Ukisimamisha mnara kila mita 400, unapata minara kama 400 kwenye njia hiyo peke yake. Ni tani nyingi mno za engo, lakini usizikodolee macho. Minara ya aina hii kwa kawaida huja na meli, kila kipande kimeshatobolewa, kimezamishwa kwenye zinki na kugongwa namba. Na mnara wa muundo mpya hupelekwa kwenye kituo cha majaribio, ukasimamishwa na kuvutwa kwa kebo mpaka ubebe mzigo wote wa usanifu, wakati mwingine mpaka uvunjike. Sisi hatuna ubavu huo.

Chuma cha moyo wa transfoma nacho kisahau. Ni bati jembamba la robo milimita hivi, lenye silikoni asilimia 3 au karibu yake, na viwanda vinavyolitengeneza duniani vinahesabika. Hata TANELEC ya Arusha, wanaotengeneza transfoma hapa hapa nchini, hawawezi kuliokota Gerezani.

Chako wewe ni vifaa vya nguzo za kilovolti 11 na 33 na za laini ndogo: krosamu za engo au chaneli, mabano ya vikombe vya kushikia waya, fito za stei na pleti zake za ardhini, majukwaa ya transfoma, masanduku ya mita. Ongeza fremu za paneli za sola, maana wenye viwanda na mashule wanaziweka kwa kasi. Chagua vifaa viwili tu vya kuanzia. Mkandarasi anamwamini mtu anayemletea krosamu 400 zinazofanana kuliko anayejigamba kwamba anatengeneza kila kitu.

Pima kabla ya kulipa

Engo inayoitwa ya milimita 6 sokoni si lazima iwe 6. Nenda na venia, kipimo cha unene, mfukoni, lakini usiiamini peke yake, kwa sababu ncha ya engo inaweza kuwa nene na katikati ikawa nyembamba. Amini mizani. Hesabu yake ni rahisi: kwa milimita, jumlisha pande mbili, toa unene, zidisha kwa unene, kisha zidisha kwa 0.00785. Jibu ni kilo kwa mita. Engo ya 75 kwa 75 kwa 6 inakupa 144 mara 6 mara 0.00785, yaani kilo 6.78. Mche, yaani engo nzima kama inavyouzwa, wa mita 6 uwe na kilo 40 na kitu. Ukiupandisha kwenye mizani ukakuta kilo 34, umeuziwa unene wa 5. Muuzaji atasema ni tofauti ya kawaida ya kiwandani. Tofauti ya kawaida ipo, ila haifiki kilo 6 kwenye mche mmoja.

Mwombe pia cheti cha kiwandani, chenye namba ya myeyuko, yaani ya mkupuo ule chuma kilipoyeyushwa, inayolingana na lebo iliyofungwa kwenye bando. Wengi husoma pale penye nguvu ya chuma tu, kama ni S275 au S355, au Q235 kwa mzigo wa Uchina, wakaishia hapo. Shuka mpaka kwenye silikoni. Chuma chenye silikoni kati ya asilimia 0.04 na 0.14 hula zinki kwa pupa: koti linakuwa nene, la kijivu kilichofifia, na linabanduka likigongwa. Mkaguzi akiliona hivyo anakurudishia mzigo, na wewe hutakuwa na wa kumrudishia.

Hesabu ya kukata

Hapa ndipo faida inapopotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Tuseme umepata oda ya krosamu 400 za milimita 2,100, engo hiyo hiyo ya 75. Kwenye mche wa mita 6 unapata vipande viwili, kinabaki kipande cha mita 1.8. Utanunua miche 200, kilo 8,136, na krosamu zitakazotoka zina kilo 5,695. Karibu tani mbili na nusu zinabaki chini kama vipande, na umezilipia bei ya chuma kipya.

Uliza kama muuzaji anayo miche ya mita 12. Mche huo unatoa vipande vitano, unabakiza mita 1.5. Miche 80 inatosha, kilo 6,509. Umeokoa zaidi ya kilo 1,600 kabla hata hujawasha grinda. Usafiri wa miche mirefu ni ghali zaidi, kweli, na kuiingiza Vingunguti asubuhi ni vita nyingine, lakini piga hesabu zote mbili. Kama miche mirefu haipo, itazame michoro upya: vibano vya kushikia krosamu mara nyingi ni vifupi, na vikiwa vya engo ya kipimo hicho vitatoka kwenye yale mabaki ya 1.8. Fanya hivyo kabla ya kuandika bei.

Matundu

Tengeneza jigi, yaani kiolezo cha chuma kinachoongoza keekee. Usiruhusu fundi apime kila krosamu kwa tepu na chaki, hata awe hodari namna gani. Jigi ya pleti nene yenye bushi (vipete) ngumu za kupitisha keekee, engo inasukumwa mpaka igonge kizuizi, matundu yanakaa pale pale kuanzia kipande cha kwanza hadi cha 400. Kwa bolti ya M16, tundu la 17.5 au 18 kama mchoro unavyosema; zinki itakula kidogo ndani. Tundu lililokatwa kwa gesi halikubaliki, hata ukilisawazisha kwa faili. Ukishamaliza kumi za kwanza, zifunge kwa bolti kwenye nguzo halisi au kipande cha nguzo, siyo mezani.

Namba ya kipande igongwe kwa chapa za chuma, herufi ndefu kidogo na nzito. Rangi na maka vinaondoka kwenye asidi, vikisalia vinaacha doa lisiloshika zinki.

Kuzamisha

Watu huniuliza kama wanaweza kupaka rangi ya fedha. Hapana. Mchoro ukisema kuzamishwa kwenye zinki ya moto, ni hivyo: chuma kinasafishwa kwa asidi, kinapitishwa kwenye dawa ya kuandaa, kinaingia kwenye zinki iliyoyeyuka ya nyuzi 450 hivi. Kiwango cha kimataifa kinachotumika mara nyingi ni ISO 1461. Chuma cha zaidi ya milimita 6 kiwe na koti la wastani wa mikroni 85 (mikroni 1,000 ni milimita moja). Cha zaidi ya 3 hadi 6, mikroni 70. Engo yetu ya 6 kamili iko kundi la 70. Ukiona mchoro unadai 85, uliza kwa maandishi kabla ya kutoa bei.

Kabla ya kununua chuma, piga simu kwa mwenye tanki la zinki na uulize mambo mawili. Kwanza urefu wa tanki. Pili, anatoza kwa uzito wa chuma cheusi au wa kikishatoka kwenye zinki? Zinki inaongeza asilimia 3 hivi kwa engo ya unene huu, na kwenye tani sita hiyo ni karibu kilo 200.

Ondoa gamba lote la kuchomelea, kwa sababu asidi hailigusi. Ondoa grisi na stika. Pleti mbili zilizolaliana na kuchomelewa pande zote huficha asidi, baadaye inavuja ikichuruzika kutu. Bomba lililozibwa ncha zote mbili ndilo hatari kubwa kuliko yote: hewa na unyevu uliomo ndani hupanuka ghafla, bomba linapasuka na zinki inawarukia watu. Toboa matundu ya hewa ncha zote, yawe makubwa, na mwonyeshe mtu wa tanki mwenyewe kwa kidole. Fremu za sola ndizo zinazosahaulika hapa, kwa sababu ni bomba tupu.

Kikishatoka kwenye zinki, hakikatwi, hakitobolewi, hakichomelewi. Sehemu iliyokosa zinki inaweza kurekebishwa kwa rangi maalumu yenye vumbi la zinki, ila kiwango kinaruhusu nusu asilimia tu ya eneo lote, na doa moja lisizidi sentimita mraba 10. Bolti nazo zinunue zilizozamishwa, na nati zake, kutoka kwa muuzaji mmoja; nati za namna hii hukatwa meno mapana kidogo ili zipite juu ya zinki. Zile bolti zinazong'aa dukani zina koti la mikroni chache tu, zinafaa kitanda.

Ukiuzia watu wa pwani, sema nao mapema. Ndani ya nchi zinki huisha kwa mikroni 1 au 2 kwa mwaka, mikroni 70 zinakupeleka miaka 35 na zaidi. Ufukweni, Tanga au Mtwara, panapopigwa na chumvi, zinaweza kwenda mikroni 5 kwa mwaka, na hapo umebaki na miaka 14. Koti nene zaidi, au rangi juu ya zinki, ni nyongeza unayoweza kuipendekeza na kuiwekea bei yake.

Na usifunike mzigo kwa turubai ukaulaza chini kwenye vuli. Unyevu ukikaa katikati ya vipande unaleta unga mweupe. Vitenganishe kwa mbao, viinamishe maji yatoke, acha upepo upite.

Chuma usichokigusa

Atakuja mtu na pikapu ya engo za bei nafuu, zina zinki, zina namba zimegongwa, zina matundu tayari. Hizo zimefunguliwa kwenye mnara. Mfukuze. Kununua ni jinai, na mnara uliopunguzwa vyuma unaweza kulala na upepo mmoja ukaacha mikoa gizani.

Karatasi na fedha

Kwa tenda za serikali mlango ni NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni. Uwe na usajili wa biashara wa BRELA, namba ya mlipakodi (TIN) na leseni, na ujue kwamba taasisi hutakiwa kutenga asilimia 30 ya ununuzi wake kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Lakini kwa uzoefu wangu kazi ya kwanza huja kupitia mkandarasi wa REA au muuzaji wa vifaa, siyo tenda yako mwenyewe. Mpelekee sampuli moja iliyozamishwa, pamoja na cheti cha chuma na ripoti ya unene wa zinki. Picha za WhatsApp hazitoshi.

Bei yako iwe na tarehe ya mwisho. Mimi huweka siku 14, kwa sababu chuma na zinki vyote hufuata dola. Malipo ya awali yafunike chuma na tanki. Nguvu kazi ndiyo unayoweza kuikopesha, chuma hapana, maana malipo hushuka ngazi kwa ngazi kutoka juu na wewe ndiye wa mwisho. Mkandarasi akisema hatoi hata shilingi ya awali, mwombe alete chuma chake, umtoze kazi tu.

Siku ya kupeleka, funga mafungu ya idadi moja, kila fungu na lebo. Mtunza stoo asaini kwa idadi ya vipande, siyo kwa kilo, aandike tarehe na agonge muhuri kwenye nakala zote mbili. Nakala yako iambatane na ankara, cheti cha chuma na ripoti ya zinki, vyote kwenye bahasha moja, siku hiyo hiyo.