Jiokaching: ulipie Premiamu au ubaki na akaunti ya bure? Pitia hatua hizi kabla hujatoa hela

Ukishusha apu ya Geocaching leo, ule mchezo wa kutafuta makopo yaliyofichwa kwa kutumia GPS, hata kopo la kwanza hujalitafuta ishaanza kukuonyesha tangazo la Premiamu, yaani uanachama wa kulipia, na kwenye ramani kuna alama kibao za kijivu ambazo ukizigusa unaambiwa lipa kwanza. Watu wengi wanaishia hapo, nusu wanalipa kwa pupa na nusu wanafuta apu wakisema huu mchezo ni wa wenye hela. Wote wamewahi sana. Akaunti ya bure inakufikisha mbali kuliko apu inavyokuonyesha, na ile ya kulipia inafaa kwa mambo machache tu ambayo unaweza kuyapima mwenyewe kabla ya kutoa kadi. Mi nacheza huu mchezo hapa Hamburg, na nikienda likizo Tanzania nacheza hukohuko pia, na majibu ya hizo sehemu mbili hayafanani kabisa.

Kwa mgeni kabisa: tarehe 2 Mei 2000 Marekani ilizima ule uchakachuaji wa makusudi wa mawimbi ya GPS kwa raia, usahihi ukapanda ghafla, na kesho yake jamaa mmoja anaitwa Dave Ulmer akafukia ndoo yenye vitu vitu karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza koordineti zake (namba za mahali ilipo) mtandaoni watu wakaitafute. Mchezo ndo huo mpaka leo, mtu anaficha kopo lenye daftari ndani, we unalitafuta kwa simu, unasaini, unarudisha palepale. Tovuti ya Geocaching.com ilianza Septemba mwaka huohuo, inaendeshwa na kampuni iliyoko Seattle, na hiyo Premiamu tunayoizungumzia ni yao.

HATUA YA 1: Fungua akaunti ya bure, kataa ofa zote

Jina la mchezaji, imeili, basi. Chagua jina fupi kwasababu utaliandika kwa mkono kwenye vikaratasi vidogo mno, ukijiita MzeeWaMilimaYaUsambara utajuta. Wakikuonyesha ofa ya Premiamu ruka, itakuja tena, haiishi.

HATUA YA 2: Fungua tovuti kwenye brauza, usiiamini ramani ya apu

Hii hatua ndo inabadilisha kila kitu na watu hawaijui. Apu rasmi ukiwa wa bure inakufungulia makopo ya kawaida yaliyo mepesi tu, pamoja na mikutano ya wachezaji. Kila kopo lina alama mbili, ya ugumu wa kulipata na ya ugumu wa njia, zote kuanzia 1 hadi 5, sa yale yenye alama za juu kidogo apu inayafungia. Mafumbo, yale ya vituo vingi, EarthCache (hamna kopo, unajibu maswali ya jiolojia), ya virtual (nayo hayana kopo), yote kijivu.

Ila kijivu kwenye apu haimaanishi limefungwa kwa wanaolipa tu. Ingia kwenye tovuti kwa brauza na akaunti yako ileile ya bure, fungua ukurasa wa kopo hilohilo, na mara nyingi utakuta koordineti zipo, maelezo yapo, dokezo lipo, logi za wenzako (yale wanayoandika wakishalitafuta) zote zipo. Yanayobaki yamefungwa kweli ni yale ambayo mwenye kopo mwenyewe ameweka kwamba ni ya wanachama wa Premiamu peke yao. Kwa hiyo kuna vizuizi vya aina mbili, cha apu na cha mwenye kopo, na cha kwanza unakizunguka bila kuvunja sheria yoyote.

Fanya zoezi hili: chagua makopo matano ya kijivu karibu na kwako, yafungue moja moja kwenye brauza, uone mangapi yanafunguka. Jibu lako ndo mwanzo wa hesabu ya kulipa au kutolipa.

HATUA YA 3: Kama una Android, weka c:geo

c:geo ni apu ya bure, imetengenezwa na watu wa kujitolea, ipo Play Store na F-Droid (duka jingine la apu za Android). Sio apu rasmi, elewa hilo, inasoma tovuti kwa akaunti yako, kwa hiyo siku tovuti ikibadilishwa inaweza kuyumba mpaka watengenezaji waitengeneze. Lakini kwa mtu wa akaunti ya bure hii ndo silaha yenyewe.

Ukishaiweka nenda kwenye mipangilio, sehemu ya huduma, chagua geocaching.com, weka jina na nywila yako, ruhusu. Rudi mwanzo, fungua ramani ya moja kwa moja, subiri kidogo, alama zinaanza kudondoka, na sasa hivi utaona zile aina zote ambazo apu rasmi ilikufichia. Gusa moja, soma maelezo.

Sasa jambo la maana zaidi, hasa kwa anayebana bando: hifadhi. Ukiwa nyumbani kwenye waifai, sogeza ramani mpaka eneo unaloenda kesho, alafu kwenye menyu chagua kuhifadhi makopo yanayoonekana, yanaingia kwenye simu na maelezo yake, dokezo, logi na picha. Humohumo kwenye c:geo kuna sehemu ya kushusha ramani za OpenStreetMap za nchi au mkoa mzima, shusha. Hapo unaweza kuzima data kabisa ukaenda porini na kila kitu kiko mfukoni. Kwenye apu rasmi kushusha orodha ya makopo kwa matumizi ya nje ya mtandao ni mambo ya waliolipa.

Na ukishakuwa na orodha yako umeihifadhi, unaweza kuipanga kwa umbali, kwa ugumu, au kwa pointi za kupendwa (zile wachezaji wanazolipa kopo walilolipenda), na kuichuja pia. Yaani filta, ambayo ndo kitu kinachouzwa sana kwenye tangazo la Premiamu, unaipata bure kwenye yale uliyoyahifadhi.

Wa iPhone poleni. c:geo haipo huko na haina dalili. Kuna apu nyingine nzuri tu za kununua, kama Cachly, ila zinapita mlango rasmi wa kampuni na mlango huo una mipaka mikali kwa akaunti ya bure, kwa hiyo utanunua apu na bado utabanwa. Kwa iPhone bila Premiamu njia iliyobaki ni brauza: unafungua ukurasa, unanakili koordineti, unazibandika kwenye apu yako ya ramani, unatembea. Inawezekana, inachosha.

HATUA YA 4: Toka nje kwanza

Usiamue ukiwa kwenye kochi. Chukua kalamu (makopo madogo hayana), ikiwezekana na kibano kidogo cha nyusi. Hapa Ujerumani kopo unalokutana nalo sana linaitwa petling, ni ile mirija ya plastiki minene ambayo ingepulizwa iwe chupa ya soda, ina kifuniko chekundu au cha bluu, wanaifunga kwa kamba inaning'inia ndani ya shina lenye uwazi au nyuma ya bomba la mvua. Unafungua, unavuta karatasi iliyoviringishwa, na kama ilinyesha juzi inatoka imeshikana kama chapati mbichi na hapo kibano kinakuokoa. Unaandika jina na tarehe, unaviringisha upande uleule, unafunga mpaka kifuniko kigome. Angalia kama kuna mtu anakukodolea macho, subiri apite, rudisha.

Pata makopo ya kutosha ujue we ni mchezaji wa aina gani, wa kukusanya idadi, wa kupenda mafumbo, au wa Jumapili na watoto. Wa Jumapili na watoto nakuambia mapema, huenda hutakaa uhitaji kulipa. Jaribu na Adventure Lab pia, ni apu tofauti ya kampuni hiyohiyo ya Geocaching.com, ni bure kwa wote, hamna kopo, unazunguka vituo kawaida vitano unajibu maswali, na kila kituo kinahesabika kwenye jumla yako. Kwa utalii wa mjini iko poa sana.

HATUA YA 5: Andika nini hasa kinakukwamisha

Ukishacheza kidogo utagonga ukuta. Swali ni ukuta upi.

Kama unakwama kwenye makopo ya wanachama tu, hapo hamna njia ya mkato, koordineti huzioni. Usiwachukie wenye makopo, wengi wanafunga kwasababu watu walikuwa wanafungua akaunti za bure, wanaenda kuiba au kuharibu, na kopo likiwa la Premiamu mwenyewe anaweza kuona nani kaufungua ukurasa wake. Mara nyingi yale makopo makubwa ya kazi ya mikono, ya mbao, yenye kufuli na vifaa vya umeme ndani, yako humu, na hii kwangu ndo sababu pekee ya kulipa isiyo na mbadala. Ukienda na rafiki aliyelipa ukasaini naye daftari, unaruhusiwa kulogi kupitia tovuti hata kama akaunti yako ni ya bure, ipo njia yake kwenye kurasa zao za msaada.

Kama unataka kuwa wa kwanza kusaini kopo jipya, utahitaji zile taarifa za papo hapo zinazoingia dakika kopo linapotangazwa, na ni za waliolipa. Hapa Hamburg bila hizo sahau, kopo likitangazwa usiku kuna watu wanatoka na tochi juu ya pajama. Mi siwawezi.

Kama una GPS ya mkononi, Garmin na ndugu zake, kuna kitu kinaitwa pocket query, unaagiza faili la makopo hadi 1,000 kwa mkupuo kwa vigezo unavyotaka, unaliingiza kwenye kifaa. Safari ndefu ya barabarani hii ni mkombozi. Kama unatumia simu tu, wala isikuumize kichwa.

Pointi za kupendwa: ukilipa unapata moja ya kugawa kwa kila makopo kumi uliyopata. Wa bure anaziona ila hagawi. Na kuficha kopo lako mwenyewe, wengi wanadhani mpaka ulipe, hapana, ni bure, mradi liwe angalau mita 161 kutoka kopo la mwenzako, mhakiki wa tovuti alipitishe, na uwe unakaa karibu ulihudumie.

HATUA YA 6: Pima kwa mahali ulipo

Ujerumani imejaa makopo, mpaka tatizo linageuka kuwa kuchagua, na ndo maana filta ya ukweli ina thamani huku. Fungua ramani ya Dar au Nairobi sasa, alama zimetawanyika, unaweza kuzisoma zote jioni moja. Filta ya nini? Na kwenye hifadhi za wanyama huachi kopo porini, kwa hiyo unachokutana nacho ni EarthCache zaidi, unafika mahali, unaangalia mwamba au korongo, unajibu maswali ya jiolojia. Hizo ndo apu rasmi inazifungia wa bure, sa mtu anafungua apu akiwa nyumbani, anaona patupu, anasema Afrika Mashariki hamna mchezo. Zipo. Tovuti au c:geo zitakuonyesha bila senti tano. Anayecheza Tanzania, Kenya au Uganda kwa Android, ushauri wangu usilipe, hela hiyo weka kwenye nauli.

HATUA YA 7: Ukiamua kulipa, lipa kifupi kwanza

Kwa miaka mingi ilikuwa dola 30 kwa mwaka, siku hizi imepanda na bei inategemea nchi na sarafu yako, angalia mwenyewe kwenye ukurasa wao. Ya mwaka ukiigawa ni nafuu, lakini kwa mara ya kwanza chukua kifurushi kifupi kabisa kinachopatikana, ukilenge kwenye likizo au msimu ambao unajua utatoka sana. Baridi ya Januari huku hutoki, unalipia nini.

Angalia pia unalipia wapi, maana usajili unajirudia wenyewe. Ukilipia kwenye tovuti, unakata kwenye mipangilio ya akaunti yako. Ukilipia ndani ya apu, unakata Google Play au App Store, na kufuta apu kwenye simu hakukati chochote, wanaendelea kuchukua. Mi huwa nazima kujirudia siku ileile ninayolipa, muda niliolipia unaendelea kama kawaida mpaka uishe.

Ukiisha unarudi wa bure. Makopo uliyoyapata yanabaki kwenye hesabu yako na pointi ulizogawa zinabaki kwa wenyewe, unachopoteza ni kugawa mpya, pocket query, taarifa za papo hapo na yale makopo yaliyofungwa. Kwa hiyo wiki ya mwisho ya kifurushi nenda kayamalize hayo yaliyofungwa kwanza, ya wazi yatakusubiri.